Kutambua mapema dalili za mtoto anayeteswa

Mwezi Julai mwaka 1999, Victoria Climbié, msichana wa miaka 7 mzaliwa wa Ivory Coast, alifikishwa hospitalini mara mbili jijini London. Mara ya kwanza baadhi ya madaktari walishuku kuwa alikuwa akipigwa, lakini mwenzao wa ngazi ya juu alihitimisha kuwa alama zile ni za upele, na mtoto akarejeshwa kwa jamaa aliyekuwa akimlea. Alifariki dunia tarehe 25 Februari 2000, mwili wake ukiwa na majeraha 128. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, iliyotolewa Januari 2003, ilikuwa na mapendekezo 108.

Alama zilionekana, kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha.

Tiba ya kisasa yenyewe ilichelewa kulikubali jambo hili. Ni mwaka 1962 tu ambapo Henry Kempe na wenzake, nchini Marekani, walieleza bayana hali ya mtoto aliyejeruhiwa na walezi wake.

Daktari huanza kwa kuuliza iwapo jeraha linalingana na umri. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka, akachubuka magoti na paji la uso. Lakini mchanga ambaye hata kujigeuza hajaweza hana namna ya kujivilisha damu mwilini. Kwa aliye chini ya miaka 4, alama ya kuvilia damu kifuani, tumboni, sikioni au shingoni yataka uchunguzi. Vivyo hivyo mguu uliobabuka kwa maji moto hadi mstari ulionyooka, mithili ya soksi, au maelezo yanayobadilika kila yanaposimuliwa.

Tahadhari moja ni muhimu kwa wasomaji wetu walio ughaibuni. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la rangi ya buluu mgongoni au makalioni, ambalo si jeraha na haliumi. Yafaa liandikwe kwenye kadi ya kliniki tangu siku za mwanzo, lisije likadhaniwa kuwa kipigo.

Utelekezaji hujificha zaidi: uzito unaoshuka, chanjo zilizorukwa, kidonda kilichoachwa kioze. Hata hivyo, mama asiye na nauli ya kufika kliniki anahitaji msaada, wala si mashtaka.

Panapo shaka, mtoto huchunguzwa mwili mzima, na maneno yake huandikwa kama alivyoyatamka. Mkalimani asiwe jamaa yake. Victoria alizungumza Kifaransa, na waliomhudumia mara nyingi walimsikiliza mlezi wake badala yake.

Hakuna anayelazimika kuwa na uthibitisho kamili kabla ya kutoa taarifa. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika wajibu huo kila mwanajamii, si daktari peke yake. Nchini humo, kama ilivyo Kenya, simu ya msaada kwa watoto ni 116, na haitozwi malipo.