Ngozi, Chaki na Ncha ya Fimbo ya Biliadi

Katika karne ya 18 fimbo za biliadi barani Ulaya zilikuwa na ncha za mbao tupu, nazo ziliteleza zilipougusa mpira nje ya kitovu chake, kiasi kwamba mzunguko wa pembeni, yaani kuuzungusha mpira mweupe kuelekea kulia au kushoto ili ubadili njia unapogonga ukingo wa meza, haukuweza kutegemewa. Mageuzi yaliletwa na Mfaransa François Mingaud, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliibandika ngozi kwenye ncha, na hakuna badiliko jingine la kifaa lililoupanua mchezo huo kiasi hicho, kwa kuwa ngozi hubonyea na kuushika mpira kwa kitambo kidogo cha mgongano, hasa inapopakwa chaki. Mwaka 1835 mwanahisabati Gaspard-Gustave Coriolis alichapisha kitabu kizima kuhusu mwendo wa mipira hiyo.

Snuka, inayohusishwa na maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Jabalpur, India, mwaka 1875, ilirithi fimbo hiyo pamoja na kasoro yake: mpira unaopigwa upande wa kulia hukengeuka kidogo kushoto, na mkengeuko huo huongezeka kadiri sehemu ya mbele ya fimbo inavyokuwa nzito. Ncha za snuka ni nyembamba, takriban milimita 9 hadi 10, lakini pete ya shaba inayoikinga mbao huongeza uzito mahali pale pale panapodhuru, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa leo huifupisha.