Daftari la Kiini: Historia ya Kusasisha Nyaraka za Mifumo ya Faili katika Linux, 1999–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya nyaraka zinazoeleza mifumo ya faili ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Hoja kuu ni kwamba nyaraka hizo hazikuchakaa kwa sababu ya uhaba wa wataalamu, bali kwa sababu kazi ya kubadili msimbo na kazi ya kubadili maelezo yake zilifanywa kwa nyakati tofauti na mara nyingi na watu tofauti. Pale kazi hizo mbili zilipounganishwa, maelezo yalidumu. Pale zilipotengana, yalipotosha. Mwishoni makala yanaonesha umuhimu wa historia hiyo kwa sera za istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimama kati ya programu na mitambo ya kompyuta. Mfumo wa faili ni utaratibu unaoamua jinsi data zinavyopangwa kwenye diski, zinavyopewa majina na zinavyosomwa tena. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, aliazima mfumo wa faili wa Minix, ambao haukuweza kuhudumia zaidi ya megabaiti 64 wala kupokea jina la faili lenye zaidi ya herufi 14. Aprili 1992 mfumo mpya uitwao ext, ulioandikwa na Rémy Card, uliingizwa katika kiini, na Januari 1993 ukafuatiwa na ext2.

Ili kiini kimoja kiweze kuhudumia mifumo mingi, liliwekwa tabaka la kati lijulikanalo kwa kifupi kama VFS. Chris Provenzano aliliandika kwa mara ya kwanza, kisha Torvalds akaliandika upya kabla ya kuliingiza. Tabaka hili ni mkataba: kila mfumo wa faili huahidi kutekeleza majukumu fulani, nacho kiini huahidi kuyaita majukumu hayo kwa mpangilio maalumu. Mkataba wenyewe umo ndani ya msimbo. Hata hivyo, msimbo hueleza kinachofanyika. Ni nadra ueleze kinachopaswa kufanyika. Pengo hilo ndilo lililozaa nyaraka zinazojadiliwa hapa.

2.0 Hati Tatu na Tabia Zake

Hati tatu zilizomo katika saraka ya nyaraka za mifumo ya faili zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kila moja inawakilisha njia tofauti ya kukabiliana na mabadiliko.

Hati ya kwanza ni ile inayoeleza VFS kwa ujumla. Ilianzishwa na Richard Gooch, na haki miliki yake inataja mwaka 1999. Mwaka 2005 Pekka Enberg aliihuisha. Hii ni hati ya maelezo: huorodhesha majukumu ya kila sehemu na kumfundisha msomaji mgeni. Udhaifu wake ni kwamba ilitegemea juhudi za mtu mmoja kwa kipindi kimoja. Kila mhuishaji alipoondoka, hati ilisimama ilhali msimbo ulisonga mbele.

Hati ya pili inaorodhesha makufuli, yaani ni kufuli lipi linapaswa kuwa limefungwa wakati jukumu fulani linapoitwa. Utangulizi wake ni mfupi na una ukweli usio wa kawaida katika maandishi ya kiufundi. Haudai kwamba maelezo ni sahihi. Unasema kwamba yanaaminika kuwa ya sasa, kisha unamsihi yeyote atakayebadili taratibu za makufuli aibadili na hati hiyo. Ombi hilo linahamisha wajibu kutoka kwa mwandishi wa nyaraka kwenda kwa mbadilishaji wa msimbo, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee ambaye, siku ile ya mabadiliko, anajua kwa hakika kilichobadilika.

Hati ya tatu ni ya uhamishaji. Inahusishwa zaidi na Al Viro, mtunzaji wa VFS, na kumbukumbu zake zinaanzia mabadiliko ya toleo la 2.5.0. Hati hii haielezi hali ilivyo. Inarekodi kila badiliko na kulipa daraja: la lazima, linalopendekezwa, au la taarifa tu. Muundo wake unakaribia ule wa tarikh za pwani, ambamo tukio jipya huongezwa chini ya yaliyotangulia bila kuyafuta. Kwa sababu hiyo haichakai kwa namna ile ya hati ya kwanza. Ingizo la miaka 20 iliyopita bado ni kweli kuhusu siku yake, hata kama halitoshi kueleza hali ya leo.

3.0 Gharama ya Imani Isiyoandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mifumo ya faili methali hii ina maana ya moja kwa moja. Programu inapoandika data, kiini huziweka kwanza katika kumbukumbu na kuzipeleka diskini baadaye. Programu inayotaka uhakika huita fsync, yaani huagiza kiini kisirudishe jibu mpaka data zifike diskini.

Swali ambalo kwa miaka mingi halikujibiwa wazi ni hili: diski ikishindwa, na fsync ikarudisha kosa, je, programu inaweza kuita tena na kuliamini jibu la pili? Watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waliamini kwamba inawezekana. Mwaka 2018 ilibainika kwamba sivyo. Baada ya kosa la kwanza, Linux ingeweza kuichukulia kurasa ya kumbukumbu kuwa safi, hivyo mwito wa pili ungerudisha jibu la mafanikio ilhali data hazikuwamo diskini. Imani hiyo ilikuwa imedumu kwa takriban miaka 20. Februari 2019 PostgreSQL ilitoa matoleo ambayo, kosa kama hilo likitokea, husimamisha hifadhidata na kuirejesha kwa kutumia kumbukumbu zake za miamala badala ya kujaribu tena.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 2017, kabla ya mjadala huo, Jeff Layton alikuwa amebadili namna kiini kinavyoripoti makosa ya aina hii, na pamoja na msimbo aliongeza katika hati ya VFS sehemu inayoeleza mkataba huo. Kwa hiyo mjadala wa 2018 ulikuwa na maandishi ya kurejelea. Pale ambapo awali kila upande ulikuwa na dhana yake, sasa palikuwa na maandishi ambayo yangeweza kupingwa, kusahihishwa au kutetewa. Nyaraka hazikuzuia kosa. Zilifanya kosa liweze kujadiliwa.

4.0 Mageuzi ya Umbo na ya Maudhui

Kuanzia toleo la 4.8 la Oktoba 2016, mradi wa Linux, chini ya mtunzaji wa nyaraka Jonathan Corbet, ulianza kuhamisha maandishi yake kutoka matini ya kawaida kwenda katika mfumo wa Sphinx, unaoyaunganisha kuwa kitabu kimoja chenye faharasa na viungo. Mwaka 2019 Tobin Harding aliihamisha hati ya VFS. Mwaka 2020, katika toleo la 5.7, Mauro Carvalho Chehab alihamisha sehemu kubwa ya hati za mifumo ya faili zilizosalia.

Mageuzi hayo yalirahisisha usomaji, lakini umbo jipya halikuleta maudhui mapya. Baada ya kuhamishwa, hati ya VFS iliendelea kusema katika baadhi ya sehemu kwamba inaeleza hali ilivyo katika toleo la 2.6.22, ambalo ni la mwaka 2007, huku orodha iliyo chini ya sentensi hiyo ikiwa na tmpfile, jukumu lililoingia katika kiini mwaka 2013. Watu waliongeza mstari mmoja katika orodha. Hakuna aliyejiona mwenye mamlaka ya kugusa sentensi ya juu. Huu ni uchakavu ulio mgumu kuugundua, kwa kuwa hati inaonekana hai ilhali nusu yake imelala.

Mfano wa kinyume ni kazi ya Matthew Wilcox. Katika toleo la 5.19 la mwaka 2022, jukumu la kusoma kurasa liliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na read_folio. Maelezo ya jukumu jipya yalikuja ndani ya mfululizo uleule wa viraka uliobadili msimbo, yakapitiwa na wakaguzi walewale. Tofauti kati ya mifano hii miwili haikutokana na ustadi wa lugha. Ilitokana na mpangilio wa kazi: katika mfano wa pili, maelezo yalikuwa sehemu ya badiliko lenyewe.

5.0 Nje ya Mti Mmoja

Mpangilio huo una mpaka. Kurasa za mwongozo zinazosomwa na waandishi wa programu za kawaida hazimo katika mti wa kiini. Ni mradi tofauti, wenye mtunzaji wake. Michael Kerrisk aliutunza tangu mwaka 2004, na Alejandro Colomar akaupokea baadaye. Julai 2019 toleo la 5.2 lilileta njia mpya ya kupachika mifumo ya faili, kazi ya David Howells. Miaka 5 baadaye kurasa za fsopen na wenzake zilikuwa bado hazijaingia katika mkusanyo huo. Msimbo ulitumika, lakini waliotaka kuujua iliwabidi wausome wenyewe.

Septemba 2024 Colomar alitangaza kwamba anasimamisha kazi hiyo, aliyokuwa akiifanya kwa kujitolea, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kiuchumi wa kuiendeleza. Ufadhili wa makampuni ulipatikana baadaye na kazi ikaendelea. Tukio hilo linathibitisha kwamba nyaraka zinazotegemewa na mashirika makubwa duniani zilikuwa zimeegemea muda wa ziada wa mtu mmoja.

6.0 Maana yake kwa Kiswahili

Saraka ya tafsiri ndani ya kiini ina Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo. Hata hivyo, Kiswahili si kigeni katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini mwaka 2010 mradi mama wa OpenOffice uligawanyika na LibreOffice ikazaliwa. Tafsiri iliyofungamana na toleo moja haina budi kufanyiwa kazi upya kila chanzo kinapobadilika.

Mipango ya istilahi katika kanda hii kwa kawaida huishia kwenye chapisho: warsha hufanyika, orodha hutolewa, kitabu huzinduliwa. Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba uzinduzi ndio mwanzo wa uchakavu. Mambo matatu yanajitokeza kwa watunga sera. Kwanza, bajeti ya istilahi iwe na fungu la kudumu la utunzaji, si la utungaji pekee. Pili, kila orodha iambatane na rekodi ya mabadiliko yenye tarehe na daraja la ulazima, kwa mfano wa hati ya uhamishaji. Tatu, wajibu wa kusahihisha istilahi uwafikie wanaoitumia, yaani mhandisi, mwalimu na mfasiri, badala ya kubaki kwa kamati inayokutana mara chache.

7.0 Hitimisho

Katika kipindi cha robo karne, nyaraka za mifumo ya faili za Linux zimehuishwa na watu mmojammoja, zikahamishiwa umbo jipya, na kwa sehemu zikaunganishwa na utaratibu wa kubadili msimbo. Kati ya njia hizo, ya mwisho ndiyo iliyozaa maelezo yaliyodumu. Ile hati ya makufuli, inayokiri kwamba usahihi wake ni jambo la kuaminika tu na kumwomba msomaji aulinde, inatoa kielelezo ambacho taasisi za lugha zinaweza kukifuata: kuandika bila kudai ukamilifu, na kumtaja waziwazi anayepaswa kusahihisha.