Ted Williams na zile beisi 147 za bure

Nimepotea kidogo, si mnajua tena wiki ya tesiti. Juzi usiku, badala ya kumalizia nondo za takwimu, mimi na rumeti wangu tulibishana mpaka saa nane kuhusu besiboli ya Marekani, mchezo ambao hakuna kati yetu aliyewahi hata kushika rungu lake. Chanzo ni swali la mwalimu: ukitafuta wastani, unagawanya kwa nini?

Sasa sikilizeni. Mwaka 1941 kulikuwa na wapigaji wawili hatari. Joe DiMaggio wa New York Yankees alipiga na kufika beisi salama katika mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo bado ipo. Ted Williams wa Boston Red Sox akamaliza na wastani wa 0.406, na tangu hapo hakuna aliyefikisha 0.400 katika ligi ya American wala ya National. Siku ya mwisho Williams aliamka na 0.39955, ambayo ingekadiriwa kuwa 0.400. Angeweza kukaa benchi akala bata. Akacheza mechi zote mbili za siku ile kule Philadelphia, akapata mipigo 6 katika majaribio 8. Mimi ningekaa benchi, nawaambia ukweli.

Waandishi wakapiga kura ya mchezaji bora wa ligi. DiMaggio pointi 291, Williams 254.

Rumeti akasema sawa kabisa, Yankees ndio walichukua ubingwa. Na mimi mwanzoni nilikuwa naye, ile 56 ilinilevya. Ila nikachukua kalukuleta.

Ni hivi: mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anapewa beisi ya kwanza bure. Ule wastani wa zamani hauihesabu kabisa, si juu wala chini ya mstari, kana kwamba jamaa hakuja uwanjani. Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyechangia sana kuanzisha takwimu za mchezo huu karne ya 19, aliona hilo ni kosa la mrushaji, halina sifa kwa mpigaji. Msimu wa 1887 zilihesabiwa kama mipigo, mwaka uliofuata wakaacha.

Mwaka ule wa 1941 Williams alipewa beisi za bure 147, DiMaggio 76. Ukiziingiza, katika kila mara 100 alizosimama kupiga Williams alifika beisi kama mara 55, DiMaggio 44. Hapo nikahama upande.

Rumeti hakukubali, na hoja yake haikuwa mbovu. Mpigaji wako bora akiacha mpira upite, kazi anamwachia aliye dhaifu zaidi nyuma yake. Williams alilaumiwa hivyo hivyo enzi zake. Lakini timu ina nafasi 27 tu za kutolewa nje katika mechi ya kawaida, zikiisha mmekwisha. Asiyetolewa anawaongezea wenzake muda wa kupiga. Branch Rickey, bosi wa timu, na mtaalamu wake wa takwimu Allan Roth walilieleza hilo jaridani mwaka 1954, na kipimo cha kufika beisi kikawa rasmi mwaka 1984 tu. Mwaka 2002 Oakland, timu isiyo na hela, ilitafuta wachezaji wa aina hiyo ambao wengine waliwaona wa kawaida, ikashinda mechi 103.

Rumeti akajibu kwamba kura ile iliuliza nani ana thamani zaidi kwa timu yake, haikuuliza nani anafika beisi, akajifunika shuka. Hapo sina jibu zuri.

Ila leo nimekuta ya 1947: Williams aliongoza ligi kwa wastani, kwa mipira iliyopita uzio na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani, halafu akashindwa tena na DiMaggio, 202 kwa 201. Pointi moja! Jamaa bado amelala, namwamsha sasa hivi.