Kipini, Kijiji Kilicholetewa Mto

Wasafiri wa Lamu hupita Garsen, wakapita Witu, na wengi wao Kipini hawaijui. Ipo ukingoni, pale Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapoingia baharini kwenye Ghuba ya Ungwana. Mashua za wavuvi, mikoko, mchanga, basi. Ukiambiwa hapa palikuwa bandari, utadhani unataniwa.

Na huo Tana wenyewe haukuwa wa hapa. Zamani ulimwaga maji yake kusini-magharibi zaidi, na Kipini ilikaa mlangoni mwa mto mdogo, Ozi. Mlango wa Tana ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi ya kuhatarisha vyombo. Katika karne ya 19 ukachimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni, ukaiunganisha mito miwili, ili mitumbwi ya Wapokomo ishushe mpunga na pembe za ndovu hadi Kau, kando ya Ozi, na kutoka hapo mali ifike Kipini penye majahazi. Mfereji ulikuwa mwembamba. Mafuriko yakaja yakaupanua, yakarudi tena yakaupanua, hata Tana ukaiacha njia yake ukafuata ya jembe. Waliochimba walitaka njia ya mitumbwi. Wakapata mto mzima.

Ubaharia wa eneo hili ni mkongwe kuliko mfereji. Kwenye pwani iyo hiyo kuna magofu ya Ungwana, mji wa mawe wenye msikiti wa Ijumaa, ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua miaka ya 1950. Wapo wanahistoria wanaouona kuwa ndio Hoja, mji ulioshambuliwa na Wareno wa Tristão da Cunha mwanzoni mwa karne ya 16.

Lakini mwulize mwenyeji, atakutajia shujaa Fumo Liyongo kwanza. Kaburi lake, wasema, liko Kipini. Mwanawe alihongwa, akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Shujaa akatoka hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde. Watu wakakaa na kiu, hakuna aliyethubutu kumkaribia, kumbe roho imeshatoka. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitia habari hiyo katika utenzi mwaka 1913. Tarehe za Liyongo wataalamu wanabishania; kwangu mimi, mji unaogombea kaburi la mtu kama huyo haukuwa mji mdogo.

Oktoba 1890 Kipini iliona manowari. Wajerumani kadhaa walikuwa wameuawa Witu, na Admeri Fremantle wa Uingereza akashusha askari wake hapa, wakapanda bara wakauteketeza mji wa Witu. Baadaye biashara ilihamia kwingine, na majahazi yakapungua.

Siku hizi kinachoiumiza Kipini kiko mbali na bahari. Juu ya mto yamejengwa mabwawa ya umeme, Masinga likiwa limekamilika mwaka 1981, na mashamba ya kumwagilia nayo yanachota. Maji matamu yakipungua, ya chumvi hupanda Ozi hadi Kau na kuunguza mpunga. Wanaogawa maji ya Tana wangefanya vyema kushuka hadi mlangoni na kuwasikiliza wakulima wa huko kabla ya kupitisha bwawa jingine.