Tshibumba Kanda-Matulu, Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Wapo wasomi wetu ambao, kila inapotajwa lugha ya historia, huelekea moja kwa moja Lamu, Pate na Unguja, kana kwamba bara halikuwahi kusimulia lolote kwa Kiswahili. Basi na tutazame upande wa pili, Lubumbashi, mji wa shaba, ambako alizaliwa Tshibumba Kanda-Matulu mwaka 1947.

Tshibumba aliishi kwa kuchora. Turubai yake mara nyingi ilikuwa kitambaa cha magunia ya unga, na wanunuzi wake walikuwa watu wa kawaida wa mji ule, waliotundika picha katika sebule zao. Watu hao walikuwa na neno moja la kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho. Sisi wa pwani neno hili tumelizoea katika sherehe na minara. Kwao lilikuwa na uzito mwingine. Picha iliyostahili kununuliwa ni ile iliyomfanya mtazamaji akumbuke na kuanza kusema. Picha maarufu kupita zote ilionyesha enzi za Wabelgiji: bendera yao inapepea, mfungwa amelazwa chini, askari anampiga kiboko. Mtu aliitundika picha hiyo juu ya kiti alichokaribishia wageni.

Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu mjini humo. Tshibumba akamfunulia nia yake: kuchora historia nzima ya nchi, tangu mababu hadi siku zile. Zikatoka picha zaidi ya mia moja, na kwa kila picha akatoa maelezo kwa Kiswahili cha Shaba, yakanaswa katika kanda. Hakutaka kuitwa mchoraji tu. Alijiita mwanahistoria, nami naona alistahili jina hilo, kwa sababu alichagua, alipanga na alihukumu.

Msiri yumo, yule mfalme wa Garenganze mwenye asili ya Unyamwezi, aliyeuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliosheheni wapagazi kutoka Unguja. Wamo wachimba madini waliogoma mwaka 1941, wakapigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni. Mchoraji hakuwa amezaliwa bado. Alichora kilichokuwa kimehifadhiwa vinywani mwa watu. Na yumo Patrice Lumumba, tena na tena. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, huko huko Katanga, na katika picha ya kifo hicho Tshibumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Atakayesema kwamba misalaba hiyo haikuwapo atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa ameiona picha. Waliouawa ni watatu, na kila Mkristo wa Lubumbashi aliyaelewa maana yake bila kufasiriwa.

Kiswahili alichosema kingesahihishwa kwa wino mwekundu katika shule zetu. Upatanisho wa ngeli umelegea, Kifaransa kimeingia kila mahali, na lugha za Kiluba zinasikika chini yake. Hata hivyo ndicho kilichobeba habari za Msiri, mgomo na Lumumba wakati Mobutu akitawala, na kusema hadharani juu ya yaliyopita kulihitaji tahadhari. Kuna mambo ambayo Tshibumba aliyaacha yasemwe na rangi, kinywa chake kikanyamaza.

Mnamo 1981 alitoweka, na habari zake hazikusikika tena. Kitabu chenye picha zake na mazungumzo yale kilitolewa na Fabian mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe zimehifadhiwa Wereldmuseum, Amsterdam, jumba lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023, mbali na sebule za Lubumbashi.