Nyumba Isiyo na Kiwanja

Neno la Kiajemi karwan lilikuwa na maana ya kundi la wasafiri waliofuatana njiani kwa ajili ya usalama wao. Watu wa pwani jambo hilo waliliita msafara. Waingereza walipolichukua neno hilo, maana yake iligeuka kidogo kidogo: kutoka watu wanaosafiri ikawa gari linalowabeba, na mwishowe ikawa nyumba yenye magurudumu, inayokokotwa na farasi au motokaa. Wamarekani nyumba hiyo waliiita tela. Historia yake husimuliwa mara nyingi kuwa ni historia ya matembezi na starehe. Lakini wapo waliohamia humo moja kwa moja, wakakaa wakati wa joto na wakati wa baridi, na kwao suala lilikuwa jingine: mtu huizoeaje nyumba isiyo na mahali?

Wajipsi wa Uingereza na watu wa maonyesho walikuwa wakiishi katika magari ya farasi tangu karne ya 19. Miongoni mwa waungwana wa mwanzo waliojiundia gari la namna hiyo kwa hiari yao ni William Gordon Stables, daktari wa Kiskochi aliyetumikia jeshi la majini la Uingereza. Katika miaka ya 1860 alikuwamo katika manowari iliyowinda majahazi ya watumwa katika pwani ya Msumbiji. Mwaka 1885 alisafiri kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness huko Uskochi, mwendo wa maili 1,300, katika gari lenye uzito wa karibu tani 2 lililovutwa na farasi wawili. Yeye mwenyewe alilihesabu kuwa ni chombo cha anasa kinachosafiri nchi kavu. Maisha ya chomboni yalikwisha kumfunza kwamba kila kitu kina pahali pake, na kisicho na pahali hakipakiwi. Hata hivyo, Stables alikuwa na nyumba Twyford iliyomngojea. Hakuna aliyemuuliza anakaa wapi.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1919 wasafiri wa magari waliopiga kambi katika bustani moja mjini Tampa, Florida, waliunda chama chao wakajiita watalii wa mikebe. Miaka kumi baadaye Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, aliloweshwa na mvua pamoja na aila yake walipokuwa wakihangaika kulikunjua hema la tela walilonunua. Akajitengenezea sanduku la mbao lenye magurudumu, na kutokana nalo akaanzisha kiwanda kilichokuja kuwa kikubwa kupita vyote vya aina hiyo nchini mwake. Wakati huo huo uchumi ukaanguka. Watu waliopoteza kazi na nyumba wakaliona tela kwa jicho jipya: chombo cha mapumziko kikawa makazi. Mchumi Roger Babson hata akabashiri kwamba katika muda wa miaka 20 nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi katika matela. Utabiri huo haukutimia.

Waliohamia humo walikuwa na mengi ya kujifunza. Upana wa tela haukuzidi futi 8, kwa kuwa sheria za barabara hazikuruhusu zaidi. Meza ya mchana ikawa kitanda cha usiku. Maji yalitekwa, yakapimwa na kutumiwa kwa hesabu, na maji machafu yalihitaji pahali pa kumwagwa. Matela mengi ya awali hayakuwa na choo wala bafu, hivyo watu walishirikiana vyoo na mahali pa kufulia katika viwanja vya kuegesha. Uzito nao ulihukumu: kabati la bibi, vitabu, sahani za harusi, vyote vilipimwa kwa nguvu ya motokaa na uimara wa ekseli. Mabaharia wana msemo wao: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika tela, mtu na mkewe wakigombana, hapana chumba cha pili cha kukimbilia. Pamoja na yote hayo, watu walizoea. Mwili ni mwepesi wa kujifunza udogo wa pahala.

Kisichozoea upesi ni sheria. Mwaka 1936, katika kijiji cha Orchard Lake, Michigan, mtu mmoja alishitakiwa kwa kuishi katika tela alilolisimamisha karibu na ziwa. Hakimu aliamua kwamba chombo chenye jiko na malazi ni makazi ya binadamu, kiwe kinaweza kuondoka au kisiweze. Kwa mtazamo wa juu juu, uamuzi huo ulikuwa heshima kwa tela, maana liliitwa nyumba. Lakini kwa kuwa ni nyumba, lilipaswa kutimiza masharti ya nyumba, na nyumba ya kijiji kile ilikuwa na kipimo chake cha chini. Tela halikukifikia, na mwenyewe akaonekana na hatia.

Vita Kuu ya Pili vililegeza ukali huo kwa muda. Serikali ilinunua maelfu ya matela ili kuwapa makazi wafanyakazi wa viwanda vya silaha, kama wale wa Willow Run, Michigan, walikoundwa ndege za kudondosha mabomu. Vita vilipokwisha, njia ziligawanyika. Mwaka 1954 Elmer Frey wa Wisconsin alitoa tela lenye upana wa futi 10. Likawa nyumba kweli, lakini halikokotwi tena kwa motokaa ya kawaida, na wengi waliolinunua walilisimamisha mara moja tu. Waliotaka kuendelea na safari walibaki na tela jembamba na swali lile lile la anwani. Pasi na anwani hapana leseni ya udereva, bima, wala kura. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha Escapees, ambacho makao yake yapo Livingston, Texas. Chama hicho kilikuja kuwapokelea wanachama barua zao na kuwapa anwani ya kuandika katika fomu, ingawa wenyewe wapo maili elfu mbali.

Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Ghuba ya Mexico, Agosti 2005, serikali ya Marekani ilitoa matela zaidi ya 100,000 kwa waliopoteza nyumba. Matela mengi yalikuwa yameundwa kwa safari za siku chache, na watu waliishi humo kwa miaka. Mbao za gundi zilitoa hewa yenye kemikali ya fomaldehaidi. Mwaka 2008, baada ya vipimo, wataalamu wa afya wa serikali walishauri wakaazi wahamishwe. Huko New Orleans mengi yalisimamishwa uani, kando ya nyumba zilizobomoka. Waliolala humo walikuwa na kiwanja na anwani, hata sanduku la barua. Walichokosa ni nyumba.