Wales Ilipokwenda Minsk kwa Jina Lake

Tarehe 25 Novemba 2018, katika ukumbi wa Minsk Arena nchini Belarusi, msichana wa miaka 14 aitwaye Manw alipanda jukwaani kuiimbia Wales. Yalikuwa mashindano ya Junior Eurovision, ambako watoto wa nchi mbalimbali hushindana kwa nyimbo. Nchi zilikuwa 20. Poland iliibuka kidedea kwa alama 215. Kazakhstan, iliyokuwa ngeni mwaka ule kama Wales, ilishika nafasi ya 6. Manw alipata alama 29, akawa wa 20.

Kwa anayesoma matokeo tu, hapo hakuna la kusimulia. Mimi huvutwa na swali jingine: jina la Wales lilifikaje kwenye orodha ile?

Wales ni sehemu ya Uingereza. Katika Eurovision ya watu wazima haina kiti chake, kwa kuwa anayepeleka mwimbaji ni BBC, naye humpeleka kwa jina la Uingereza nzima. Lakini wanaoshiriki mashindano haya ni vituo vya utangazaji, si serikali. Katika yale ya watoto, yaliyoanza mwaka 2003, kituo cha ITV kilipeleka waimbaji kwa miaka mitatu, mmoja wao akawa wa pili mwaka 2004. Baada ya mwaka 2005 kikajitoa. Kiti kilibaki kitupu mpaka S4C, kituo cha televisheni cha lugha ya Kiwelisi, kilipokikalia na kuandika jina la Wales.

Kituo hicho chenyewe hakikuja bure. Serikali ya Margaret Thatcher iliahidi chaneli ya Kiwelisi, kisha ikabadili nia. Mwaka 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, akatangaza kwamba angegoma kula hadi kufa. Mwezi Septemba, kabla hajaanza mgomo, serikali ikasalimu amri. S4C ikaingia hewani tarehe 1 Novemba 1982.

Na nyuma ya tishio la mzee huyo kulikuwa na karne nzima ya fedheha. Katika baadhi ya shule za Wales za karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha mti chenye herufi W.N. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ndipo amkabidhi. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, sikuhitaji kuelezwa. Shule niliyosoma Kenya ilikuwa na kipande chake. Kilining'inia kwa uzi wa katani, na kwa siku nzima kilizunguka kutoka kwa mtoto hadi mtoto, kikimtafuta aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu ya aina hiyo katika shule za zama zake za ukoloni. Sisi tuliikuta bado ipo, na bendera yetu wenyewe ikipepea uwanjani. Katika somo la Kiswahili tulifundishwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kengele ikilia, kipande kiliendelea na safari yake. Ubaya wake mkubwa haukuwa viboko. Ulikuwa kumfanya mtoto awe mpelelezi wa rafiki yake.

Ndiyo maana namtazama Manw kwa jicho jingine. Alitoka Rhosgadfan, kijiji cha wachimba mawe ya kuezekea nyumba, alikozaliwa pia Kate Roberts, mwandishi mkubwa wa Kiwelisi. Wimbo wake, "Perta", ulikuwa wa Kiwelisi. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wa lugha hiyo Wales kuwa takriban 562,000, asilimia 19 ya watu wa nchi hiyo. Lugha ambayo mtoto wa zamani aliinong'ona akichungulia nyuma yake, huyu aliitoa kifuani kwa kipaza sauti, bara zima likisikia.

Lakini nina wasiwasi pia. Watu wazima walihitaji taifa lionekane, na aliyesimama kungoja alama alikuwa mtoto. Kuwa wa mwisho mbele ya nchi 19 ni mzigo hata kwa mtu mzima.

Mwaka 2019 S4C ilimpeleka Erin Mai mjini Gliwice, Poland. Akawa wa 18 kati ya 19. Mwaka 2020, mwaka wa korona, haikurudi. Mwaka 2022 BBC ilichukua kiti kwa jina la Uingereza, na Freya Skye akashika nafasi ya 5. Wales imebaki katika kumbukumbu za miaka miwili, mara zote mbili karibu na mkia, na mara zote mbili kwa Kiwelisi.